Kitanda cha Mataruma

Nyumba za Reli, Na. 6
14 Machi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kile kifua kimekuachia, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi huku miili ni mizima. Mama macho yamepungua nguvu, lakini ulimi uko palepale. Jana kamwambia mkata tiketi kwamba treni yake inatembea mwendo wa bibi harusi.

Ndiyo, kaka, treni imerudi. Unakumbuka ilivyokufa: kwanza wakaondoa mabehewa ya abiria, ikabaki ya mizigo, kisha hata hiyo ikakoma, watu wakawa wanaanika nafaka relini. Sasa inapita mara mbili kwa wiki na saruji, na nyuma wamefunga mabehewa mawili ya abiria. Watu walishangilia hadi sauti zikawakauka. Mimi nilijifungia karakanani.

Kile kitanda cha mama ulichokisifu kwenye picha, mbao zake ni mataruma, yale yale yanayobeba reli. Niling'oa manne pale kwenye kona ya daraja. Nilijiambia reli imeshakufa, na maiti haulizwi sanda.

Wakaguzi walipokuja kuifufua njia wakakuta mapengo. Wakamsimamisha kazi Nyundo, yule rafiki wa marehemu baba, aliyekuwa akiikagua njia kwa miguu kila asubuhi hata miaka ile isiyo na treni. Miezi miwili, kaka, nimemwamkia, nikashusha macho, nikanyamaza. Aibu yangu sina pa kuiweka.

Mama ndiye aliyenifichua. Alikuwa akifagia uvunguni, vidole vikagusa msumari. Unamjua baba na unyapara wake: kila taruma alilolaza alipigilia pembeni msumari mdogo wa shaba, ndiyo sahihi yake. Misumari hiyo niliing'oa nilipokuwa naranda, mmoja ukanipita. Mama akaniita, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, baba yako kaingia lini chumbani humu?"

Tangu siku hiyo analala mkekani.

Juzi nikaenda kituoni, nikasema yote mbele ya mkuu wa kituo na genge zima la vibarua wa reli. Nyundo amerudi kazini. Mimi nimepewa miezi mitatu ya kubeba kokoto chini yake. Wala hakunigombeza. Alisema tu: "Nilikikalia kitanda kile siku niliyokuja kumjulia hali mama yako. Nilikuwa nakusubiri."

Taruma likishakatwa halirudi njiani. Kitanda nilitaka kukichoma, mama akakataa, akasema nikilalie mimi. Basi ndipo ninapolala, na treni ikipita kinatetemeka. Ile picha, kaka, ishushe ukutani.

Msalimie shemeji na wale mapacha. Mama anakuombea heri usiku na mchana. Nyundo naye anakusalimu. Sikumwomba, kaniagiza mwenyewe. Mungu akufunike kwa rehema zake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, fundi uliyemsifu bure.