Gego la Dhwadi

Jumatatu, 14 Agosti 1911

Shavu la kushoto limevimba, utadhani nimeficha embe mdomoni. Magego mawili ya juu! Usaha unatoka. Zena mke wangu ananistahi, lakini anakaa mbali na harufu.

Siku kumi na mbili tu hadi Ramadhani. Na imamu wa tarawehe hapa Rumonge ni mimi, mwaka wa sita huu. Herufi ya dhwadi hutoka pale ubavu wa ulimi unapogusa magego hayo hayo. Leo, mwisho wa Alhamdu, nimeitoa kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwalimu Amissi, nyuma yangu, akakohoa. Kikohozi gani kile! Anaitaka nafasi yangu.

Jumatano, 16 Agosti

Kambi ya wagonjwa wa malale, kwa daktari Mdachi. Nikamwambia mapema: sing'olewi jino. Akapitisha sindano butu kandokando ya fizi. Kwenye gego la nyuma ikazama yote. Feruzi, msaidizi wake, akanifasiria.

"Mwalimu, hii ya nyuma, usaha imekula mufupa. Hakuna kitu inaishika. Ya mbele, mufupa iko."

Nikakubali, la nyuma likang'olewa. Halikung'ang'ania hata kidogo, msaliti! La mbele likatobolewa — Feruzi anakanyaga kanyagio, kekee inazunguka. Usaha ukatoka, maumivu yakatoka nao! Kisha waya mwembamba ukaingia mizizini, ukavuta mshipa uliooza. Nililia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 20 Agosti

Mizizi imeoshwa tena. Uvimbe kwisha. Nimetafuna ndagala, dagaa wa ziwa letu!

Amissi anaeneza kwamba dawa ya kuzibia jino ni mafuta ya nguruwe. Nimeuliza. Ni utomvu wa mti. Mwongo mkubwa.

Ijumaa, 25 Agosti

Limezibwa asubuhi. Daktari anasema mfupa ulioliwa haurudi. Fizi ikivimba tena, nije mbio. Sawa, nitakuja.

Mwezi umeonekana juu ya milima ya ng'ambo! Zena, binti wa mwalimu aliyenifundisha Kurani, mwenye sikio kali kunishinda, amenisomesha Alhamdu mara saba. Ya saba akatabasamu. Dhwadi imekaa! Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Sasa hivi muadhini Riziki amekuja anahema. Amissi ametandika mkeka wake mbele msikitini, anasema imamu hana meno. Watu wamekataa kupanga safu. Wamekaa chini, wananisubiri mimi.

Nimemtuma Zena atoe kanzu yangu ya Idi. Wasubiri kidogo.