Upande Wako wa Leso ya Mama

Dada Dama,

Salamu nyingi kutoka Doha. Baba hajambo? Goti lake bado lamsumbua? Mimi ni mzima, isipokuwa pua. Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe husema mpaka salio langu linaisha, na leo nataka kusema mimi.

Nina wivu, dada. Nimeiona picha yako kibandani Mtopanga, unakaanga viazi, umejifunga leso ya marehemu mama. Ile iliyoandikwa "Mwenye wivu ajinyonge". Sijinyongi, ila siku hiyo chakula nilikirudisha jikoni.

Unakumbuka tulivyoikata ile doti baada ya matanga: upande wako, upande wangu, kila mmoja na harufu ya mama, moshi wa makumbi na mafuta ya nazi. Wangu nilikuwa nikiulalia. Kisha ikaja homa mbaya, na nilipopona nikawa sisikii harufu yoyote. Kazi yangu ni udobi hotelini, nawe wajua sabuni zao zilivyo kali, lakini ilikuwa kama nanusa jiwe. Daktari akanieleza kwamba juu kabisa ndani ya pua kuna chembe za neva, kila moja na harufu inazozitambua. Harufu ikizigusa, hupeleka habari kwenye ubongo. Zangu zimeumizwa na maradhi. Huota upya, akasema, lakini polepole, pengine miezi. Kila asubuhi nanusa ndimu, karafuu na kahawa ili kuziamsha. Mpaka sasa ni ndimu tu inayonijia, tena kwa mbali.

Nilipokuwa hoi kitandani, Nakato, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, alitaka kunifanyia wema.

"Kadzo, leso yako ilikuwa inanuka moshi," akaniambia. "Nimekufulia."

Nikamshukuru, nikaingia bafuni nikalia. Mtu asiyemjua mama ndiye aliyemsikia mara ya mwisho kwenye upande wangu, halafu akamsuuza.

Umebaki upande wako tu. Nawe juzi ukaniambia, "Hii leso hata hainukii kitu siku hizi." Inanukia, dada. Daktari yule yule alisema harufu ikikaa puani muda mrefu, zile chembe huizoea zikanyamaza. Mama yumo, wewe umemzoea tu. Kumbe nilikuonea wivu bure: mimi sina pua, wewe unayo, na sote wawili hatumsikii. Ni bure, lakini wivu haujaniisha.

Baba mpe shikamoo yangu. Shemeji nisalimie, na shangazi wa Bamburi mwambie maombi yake nayahitaji bado.

Sasa nakuomba. Ivue hiyo leso. Usiifue. Ikunje, itie kwenye ndoo safi yenye kifuniko, ufunike vizuri. Baada ya wiki mbili, pua yako ikishaisahau, fungua mara moja, unuse. Ukimsikia mama, niandikie.

La, usiniandikie, sitaweza kuvumilia. Funika tu, uningoje.

Mdogo wako,
Kadzo