Aliitika Jina la Marehemu

Baba Watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto tu. Anua nguo mapema, wingu limekaa vibaya. Nimekwenda na binti yako kwa dada yangu. ~~Tutarudi jioni.~~ Tutalala huko.

Asubuhi umetoka kwa hasira, hukuona kilichofuata. Alipokwambia chuo kimemkataa, ulisema, "Shule ya kulipia yote ile, halafu hivi?" Kisha ukamwita kwa jina la marehemu kaka yake. Najua ulimi uliteleza. Lakini mtoto aliitika, mume wangu. Wala hakusema "abee." Alisema "naam, Baba," vilevile kaka yake alivyokuwa akiitika.

Ulipofunga mlango nilimfuata. Nilimkuta chumbani kwa kaka yake, amevaa sweta lake, anajaza upya maombi ya chuo kilekile ambacho marehemu alikuwa akikiota. Nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka kusoma nini?" Akanitazama kana kwamba namuuliza habari za mtu asiyemjua.

"Sijui, Mama. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mmoja tulimzika. Huyu tunamzika huku anatembea, anakula nasi mezani.

Shangazi zako wakipiga simu kuuliza matokeo, waambie mtoto amepumzika. Basi.

Kesho njoo umchukue wewe mwenyewe. Usimtajie chuo. Muulize anapenda nini, kisha nyamaza umsubiri, hata akichelewa kujibu.

Mama yao wote wawili