Sikukuuliza Jina Lako

Mkumbi, Mbinga

Mama Beni,

Nimeandika "hujambo" nikaifuta. Nimeandika "natumaini u mzima" nikaichana karatasi kabisa. Sasa naanza hivi hivi, unisamehe, maana sijawahi kumwandikia mtu aliyekufa na hakuna aliyenifundisha. Kalamu nimeazima kwa mwalimu jirani yangu. Nimemwambia naandika barua ya ng'ambo, na si uongo.

Huku kwetu ni baridi. Ungenicheka, nimevaa koti la kiume la mitumba, mikono imenipita mpaka naikunja mara tatu. Alilileta Tadei alipokuja mara ya mwisho. Yuko Makambako siku hizi, anauza nguo hizo hizo, na barua haandiki. Baba Tadei alipofariki nilipandisha huku kwa wazazi wangu, nao wakaondoka mmoja baada ya mwingine, nimebaki na mibuni yao na kuku watatu. Wanunuzi wa kahawa sasa wanakuja wenyewe mpaka mlangoni na mizani yao, kila mmoja akimsema mwenzake vibaya. Ghala la ushirika limepigwa kufuli na mbuzi wanalala barazani kwake. Wanunuzi wakishaondoka, nyumba inanyamaza, wee, inanyamaza! Naongea na redio. Juzi nimeigombeza kwa sababu ilikatika katikati ya taarifa ya habari.

Lakini sikukaa kitako kukuandikia habari za kuku. Kosa ninalo. Na ili nilifikie lazima nianzie kwenye dagaa.

Nilikwenda sokoni Mbinga. Kuna baba mmoja wa makamo anapandisha usipa kutoka ziwani, wale dagaa wadogo uliokuwa unawala na vichwa vyao. Akaniuliza kama mimi ndiye Mama Tadei wa Mkumbi. Nikaitikia. Akasema ameagizwa anifikishie habari ya msiba, kwamba Evelina Yona wa ng'ambo, upande wa Msumbiji, amefariki. Nikamwambia poleni sana, lakini huyo simfahamu, Mama Tadei tuko wengi, kaulizie Mpepai yuko mwingine. Kisha nikamwomba anipe nyongeza ya dagaa, akanipa. Nikarudi nyumbani nikawakaanga na nyanya. Nikala nikashiba, Mama Beni. Wewe ulikuwa na wiki moja tu kaburini na mimi nalamba vidole.

Baada ya siku kama kumi na nne nikamkuta tena sokoni. Safari hii alikuwa na kitu kirefu amekizungushia gunia. Akasema Mama Tadei wa Mpepai amekikataa, na mtoto wa marehemu amesisitiza kwamba mwenyewe ni wa Mkumbi, aliyekuwa anapika uji wa watoto misheni. Akafungua gunia. Ulikuwa mwiko.

Jamani. Ule mwiko! Ubavu mmoja umeungua, na mpini una ile kamba ya katani uliyoifunga wewe ili usikuteleze. Niliketi chini pale pale kwenye matope ya soko nikapiga yowe. Wanawake wakanikusanyikia, wakawa wananiuliza amekufa nani. Nikasema Mama Beni. Wakauliza Mama Beni gani? Nikasema Mama Beni wangu. Hata mimi nilijisikia mjinga, namlilia mtu ambaye siwezi kumtaja. Muuza dagaa ndiye aliyewajibu kwa niaba yangu. Akasema, "Evelina."

Miaka mitano, mwenzangu. Miaka mitano kule misheni ya ziwani, mlipokimbilia kwetu, tulisimama kwenye nusu pipa moja la uji, wewe upande wa ziwa, mimi upande wa jiko. Gari la msaada likishusha magunia ya ule unga wa njano, wewe ndiye uliyeonja kwanza, ukatema, ukasema wazungu wanafikiri sisi kuku. Halafu ukaukoroga na sukari na mafuta ya kopo mpaka watoto wakawa wanalamba vikombe ndani na nje. Yule dada wa msaada akipita na utepe wake wa kupimia mikono ya watoto, waliotokea kwenye nyekundu, yaani waliodhoofika kwa njaa, ulikuwa unawachotea ya ziada kabla hajasema. Mimi ulinisema kila siku. "Chini kunaungua, Mama Tadei, chini!" Eti Wamatengo tunakoroga uji juu juu kwa sababu tumezoea kupalilia. Ala! Na mimi nikakujibu kwamba watu wa ziwani mnajua kupika samaki tu kwa kuwa samaki hujipika mwenyewe. Siku uji ulipokurukia mkononi na kukubabua, nilitaka kukupeleka zahanati ukakataa mpaka watoto wote wamalize kula. Kovu lile nalijua. Nalijua kovu lako, najua ulikuwa unalala na mguu mmoja nje ya blanketi, najua ulimwogopa kinyonga. Jina sikulijua.

Ningelijulia wapi? Wewe Mwanglikana, mimi Mkatoliki, Jumapili kila mtu na kengele yake. Kadi yako ya mgao iliandikwa jina la mumeo Alberto, ingawa Alberto mwenyewe vita vilishammeza. Na kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linabaki kwa wazazi wake. Mtu wa kando kulitaja ni kama kumvua kitambaa kichwani mbele za watu. Nilikuheshimu. Haki ya Mungu, ilikuwa heshima.

Sasa hapa ndipo mkono unakuwa mzito.

Unakumbuka siku uliyonieleza habari za binti yako Esta? Tulikuwa tunaosha pipa kwa mchanga. Uliniambia bila kuniangalia kwamba siku mlipokimbia kulikuwa na mitumbwi miwili, Beni, ambaye kwa jina lake tulikuita huku, ulikuwa naye mgongoni, na Esta, mwenye miaka sita, alipakiwa mtumbwi wa pili na jirani kwa sababu wenu ulishajaa. Wenu ulikuja huku kwetu. Wa pili hamkuuona tena. Ulisema alikuwa ameshika kikombe cha bati, ukaendelea kusugua.

Mwezi ule ule dada wa msaada akaleta fomu za watoto waliopotea. Akanichagua mimi niwaandikie akina mama, kwa kuwa nimemaliza la saba na mwandiko wangu unasomeka. Nilivyojiona! Nilikalia kiti cha Sista, meza mbele yangu. Jina la mtoto, Esta. Umri, sita. Jina la baba, Alberto. Jina la mama. Hapo sikukuuliza hata. Ulikuwa umesimama mbele yangu na mkono wako umefungwa kitambaa, mtu ninayemjua kuliko ndugu zangu, nikuulize nini? Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mama Beni.

Fomu ikaenda. Kila mwezi gari likija nilikuwa nakimbia kuuliza, narudi kwako na jibu lile lile, bado. Nawe ulisema "Haya" ukashika mwiko. Amani ilipopatikana kwenu na mkaanza kurudishwa, ulikuja kuniaga na mkeka begani, na ndani ya mkeka niliuona mpini umechungulia. Sista alitafuta mwiko wake wiki nzima. Mimi nilimsaidia kutafuta, tena kwa bidii, mpaka chini ya kitanda cha padri. Ndicho kicheko changu cha mwisho kule ziwani.

Siku ile ya soko nilipanda kilima na mwiko begani huku nalirudia jina lako nilizoee. Evelina. Evelina Yona. Nilipofika kwenye mibuni ya kwanza nikauteremsha mwiko chini. Niliiona ile fomu. Niliiona kama iko mbele yangu, na mstari wenyewe, na wino.

Nikapanda basi la Songea. Ofisi ya msaada nilikuta wanafunga virago, makasha mpaka barazani, wanahamia Kigoma, maana huko nako kumechafuka na watoto wengine wamepotea. Kulikuwa na dada mmoja amechoka sana, ila mpole. Nikamweleza yote kwa kusimama, sikutaka kiti. Akaniambia fomu zao zilipangwa kwa jina la mama, kwa sababu akina baba wengi walikuwa vitani na majina yao yanafanana. Akafungua kasha akatoa rundo limefungwa uzi, juu limeandikwa "haijulikani." Mama Beni. Mama Pita. Mama Sesilia. Mama Joni. Rundo zima ni mwandiko wangu, Evelina. Wote wale waliosimama mbele ya meza yangu kwa foleni wakiniita mwalimu. Nikajaribu kukumbuka jina halisi la hata mmoja wao, sikupata.

Kisha akatafuta kwenye kasha jingine, la nakala za watoto waliookotwa nchi jirani, kwenye majina yanayoanza kama lako. Hakuchukua muda. Karatasi moja, imeandikwa Nkhata Bay, upande wa Malawi, miezi miwili tu baada ya ile yangu. Mtoto, Esta. Aliokolewa na boti ya wavuvi. Ana kikombe cha bati. Jina la mama, Evelina Yona.

Mtoto wa miaka sita alilijua jina lako. Aliwaambia. Alikuwa ng'ambo tu ya maji yale tuliyokuwa tunayachota kupikia uji, na alisema jina lako sawasawa, na mimi ndiye niliyekuwa nakuletea "bado."

Nilitaka nife pale. Naandika hivyo bila haya. Nilitaka nikutangulie, halafu nikakumbuka ulishanitangulia.

Yule dada akaita Nkhata Bay kwa redio ya upepo. Nililala kwa binamu yangu siku mbili nikisubiri, sikula kitu. Jibu lilipokuja alinisomea taratibu. Esta yupo. Amelelewa na mama mmoja mjane, amekua, anamsaidia kukaanga mandazi gulioni. Alipoambiwa kwamba kuna mtu Tanzania anamuulizia, ameuliza neno moja tu, kama huyo mtu ni mama yake.

Dada akaniangalia nimpe jibu la kurudisha. Kama ungekuwapo ungenisema, chini kunaungua, sema! Sikuweza kutuma kifo chako kwenye redio, katikati ya ile mikwaruzo. Nikamwambia ajibu kwamba mtu anakuja.

Kwa hiyo naenda. Mimi, Mmatengo, niliyekaa ziwani miaka yote ile nikioga kwa ndoo na wewe ukiniita jiwe. Nitashuka Mbamba Bay nipande meli, na kama kutapika nitatapika. Muuza dagaa amepeleka habari kwa Beni, atanisubiri ufukweni tuvuke pamoja. Ni kijana mrefu, anasema huyo baba, na ana hasira kidogo. Ana haki. Yeye nitamweleza kwanza, huko huko ufukweni, na kama atakataa kupanda meli moja na mimi, nitakwenda peke yangu.

Mwiko nauchukua. Ulikuwa umeniachia mimi, najua, lakini nitampa Esta. Kabla sijampa nitamwambia kosa ni la nani. Sitamwambia ni vita, wala fomu, wala watu wa msaada, walionifundisha asubuhi nzima niandike majina kamili na mimi nikajiona najua zaidi. Nitamwambia kabla hajanikaribisha kiti, ili kama ni kunifukuza anifukuze nikiwa bado nimesimama. Akiniruhusu kubaki, nitamweleza ulivyokuwa unakoroga. Nitamwonyesha mahali pa kovu kwenye mkono wangu mwenyewe.

Na lile rundo nimelinakili kwenye daftari la Tadei la zamani. Nikirudi nitazunguka kijiji kwa kijiji pale ziwani, kwa kila niliyemwandikia ambaye bado yuko, na kwa waliorudi nitaagiza kwa wauza dagaa. Nitawavua vitambaa hadharani, wanisamehe. Nitauliza jina ambalo baba yake alimpa, na nitasubiri mpaka anijibu.

Ningependa uwe hapa unicheke kwa koti hili. Jioni nikipika uji wa mtu mmoja bado nakoroga kutoka chini, na hakuna wa kuniambia nimepatia. Ndiyo hali yangu, kama ungeniuliza.

Kuna kitu kimoja nimekiwaza tangu Songea. Wewe nawe hukuniuliza. Kwa heshima ile ile, najua. Ulipokuwa unaumwa ukasema mwiko upelekwe kwa Mama Tadei wa Mkumbi, na ukapelekwa kwanza kwa mtu mwingine. Basi tusiachane hivyo.

Lala salama, Evelina.

Ni mimi,
Skolastika binti Fokas,
uliyeniita Mama Tadei.