Betri ya Gitaa Lako

Kaka yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na paka amezaa ndani ya begi lako. Sasa kaa chini: nimelifungua gitaa lako.

Usinilaani. Pikapu zake, zile sumaku za chini ya nyuzi, zilikuwa zinanguruma kama jokofu bovu, na unajua baba alivyolichukia gitaa hilo. Nikaweka nyingine za betri, maana fundi redio aliniapia kuwa ziko kimya kama kaburi. Nikachonga mgongo wa gitaa kidogo kupata pa kuweka betri. Kidogo tu, kaka. Anayetazama kwa mbele haoni kitu.

Shida ikawa betri. Naweka mpya Jumatatu, Jumatano imekufa. Nilimgombeza fundi mpaka tukanuniana. Akanijibu, "Waya wa spika ukiachwa umechomekwa kwenye gitaa, betri inaliwa hata kama hupigi. Kaulize nyumbani kwenu." Na mimi waya nauchomoa kila siku!

Jana nikatoka kazini mapema. Nikamkuta baba sebuleni, miwani puani, gitaa mapajani, anautafuta ule wimbo wako, ule ule uliomfanya akufukuze. Anaupiga vibaya, kaka, vibaya mno. Aliponiona akaliweka haraka kwenye kochi, waya humo humo, akasema alikuwa analifuta vumbi.

Nikamwambia nakuandikia barua. "Muulize pale katikati anashika nyuzi zipi," akasema. Halafu akageukia dirishani. "Lakini asiandike. Aje anionyeshe."

Basi njoo, kaka. Na uje na betri.

Mdogo wako,
mchonga gitaa