Mabingobingo ya Mama

Kilosa, Machi 1994

Kaka Mudathir,

Shikamoo. Hatujambo, ila kila wingu likitanda tunakaa roho juu. Mbuzi kazaa mapacha, majani ya kumlisha ndiyo hakuna. Gesti yako ya Mikumi inapata wageni?

Lile bonde la mabingobingo nyuma ya nyumba, ulilomuuzia mfanyabiashara wa mahindi, kalifyeka lote, kamwaga kifusi, kajenga ghala. Ghala lake kavu. Maji ya mtaa mzima yaliyokuwa yakituama pale sasa yanapita kwetu. Juzi yameangusha ukuta wa chumba chako.

Nikamwambia Mama tuje kwako. Akasema, "Maji hayafukuzwi, yanapewa pa kukaa."

Asubuhi hii kachimbua sakafu ya chumba chako, anapanda mabingobingo. Ukija, sijui utalala wapi.

Mdogo wako,
Yusrah