Fundo la Mama Mkwe kwenye Sanduku la Ujerumani

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea tu salamu zangu, naomba msaada wako haraka maana wiki ijayo nasafiri, na tangu viza itoke chakula hakipiti na usingizi sina.

Mimi ni mkulima wa mahindi na ulezi hapa Sumbawanga, ndege sijawahi kupanda, na mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mbeya. Binti yangu wa kwanza, Zita, ni muuguzi Ujerumani na mumewe yuko naye hukohuko, mimba ya kwanza iliharibika mume akiwa kazini na yeye peke yake ndani, sasa hii ya pili madaktari wamempangia upasuaji wa kujifungua mara tu baada ya mimi kufika, na amenililia kwenye simu akisema mama, nikitoka chumba cha upasuaji nataka nikuone wewe, jamani, ni mama gani atasikia maneno hayo akakaa?

Shida ni sanduku. Habari zilipoenea kwamba naenda Ulaya kila mtu akaja na chake, wifi yangu Hellena kapanda kutoka Wampembe na samaki wakavu wa ziwani, migebuka, kina mama wa jumuiya wameleta unga wa ulezi wa uji wa mzazi, jirani kaleta asali, mwingine nyama ya kukausha, nami siwezi kumrudishia mtu mzigo wake mlangoni, ataona nimeshaanza kujiona, basi sanduku lilipojaa nikawa napunguza vya kwangu, nikatoa sweta, nikatoa koti, nikajiambia mimi ni mtu wa Ufipa, baridi ya mwezi wa saba nimezaliwa nayo, ya Wazungu itanifanya nini, na dawa zangu za presha nikazitoa kwenye boksi zikakaa kwenye kikopo kilichoisha mafuta ya kujipaka, nikakitia chini kabisa.

Sasa juzi mama mkwe wangu, Bibi Kristiana wa Kasense, akaniita akanipa fundo la kitenge, kifurushi kidogo alichokishona kwa mkono pande zote, akasema, "Hili ni la Zita. Mpe mkononi, na wewe usilifungue." Kwa ukoo wa mume wangu mzigo alioufunga mkubwa haufunguliwi njiani, anaufungua aliyetumiwa tu, mke wa Cleophas, wa ukoo huohuo, aliwahi kufungua wa kwenda Mpanda, eti aone kama chupa haijavuja, na mpaka leo bibi haitiki salamu yake. Ni fundo jepesi, ukilibonyeza kuna kitu kigumu kama kijiti na kingine kinachosagika, na linanukia moshi.

Shemeji yangu Urbano akacheka mpaka akakaa chini, "Shemeji, mtu wa Sumbawanga na fundo lililoshonwa! Pale Dar watakucheka kwanza, halafu watakupekua mpaka kwenye kilemba. Ukibahatika ukapita, Wajerumani watakuuliza ndani kuna nini, na wewe utasema sijui?" Yeye anacheka tu, anayesafiri ni mimi. Mume wangu Alphonce nikimwambia anasema beba, mambo ya mama usiyaguse. Nikibeba naogopa watanizuia huko au watanirudisha, nikiliacha nimemdharau bibi, nikilifungua halafu Zita akapata tatizo lolote kwenye uzazi itasemwa mpaka nakufa kwamba ni mkono wangu, na mshauri, nikwambie ukweli, hata mimi mwenyewe nitaamini. Nifanyeje?

Mama Zita, Sumbawanga

JIBU

Mama Zita, pole, na hongera ya mjukuu anayekuja. Sasa vuta pumzi unisikilize, maana nina ugomvi na wewe.

Nianze na hicho kikopo. Mwenye presha unafunga safari ya hivyo, dawa zako umezizika chini ya migebuka! Sanduku kubwa linaweza kuchelewa au kupotea mnapobadilisha ndege, utakaa siku ngapi bila dawa? Na vidonge visivyo na jina ndani ya kikopo cha mafuta, afisa atajuaje ni vya presha? Virudishe kwenye boksi lake leo, omba daktari akuandikie karatasi ya Kiingereza, na vyote viingie kwenye mkoba wa mkononi. Humo humo tia pasipoti, barua ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, na anwani na simu ya Zita kwenye karatasi, maana simu huzimika. Kivuli cha hayo makaratasi kiweke kwenye sanduku.

Haya, baridi. Ee mama, baridi ya Ufipa saa nne jua likiwaka si unavua sweta? Kule jua linawaka na mdomo bado unaganda. Rudisha koti lako. Pita kwenye mitumba utafute nguo za ndani za kubana, za mikono mirefu, soksi nzito na viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza. Vaa nguo juu ya nguo, kwa sababu ndani ya nyumba zao kuna joto na utataka kupunguza. Koti safiri nalo mwilini, halitakula kilo za sanduku. Chukua na adapta ya plagi, matundu yao ya umeme ni mawili ya duara, chaja yako ya pini tatu haitaingia. Pawa benki ikae mkononi, isiende kwenye sanduku kubwa.

Vyakula sasa. Nyama iache, hata ikiwa kavu kama ubao. Nyama na maziwa kutoka kwetu hawapokei. Migebuka waliotolewa matumbo wanapita, chukua wachache, wafunge kwenye mifuko miwili mitatu wasinukishe nguo. Asali kidogo, ifungwe vizuri, iende kwenye sanduku kubwa, maana mkononi watakunyang'anya kama wanavyonyang'anya maji. Unga uwe safi, na mfuko uandikwe ni unga wa nini. Ukimaliza, peleka sanduku mashineni wakupimie kwenye mizani ya mahindi, likizidi kilo za tiketi yako, toa. Aliyeleta nyama mwambie serikali ya huko imekataa, atanuna kidogo atasahau.

Sasa fundo. Urbano ni mcheshi, lakini hapo kasema kweli. Uwanja wa ndege watakuuliza kama umefunga mzigo wako mwenyewe na kama unajua kilichomo. Ukisema sijui, umejikaanga. Ukidanganya na ndani mna mizizi au majani yasiyoruhusiwa, hapo ndipo utaona maofisa wa kweli. Fundo ambalo hujui lina nini halipandi ndege. Hilo sibishani na wewe.

Lakini usilifungue kwa siri! Nani kakwambia lazima uvunje mila ya watu? Umesema mwenyewe, anayefungua ni aliyetumiwa. Basi aliyetumiwa yupo na ana simu. Nenda Kasense na Alphonce, yeye ndiye mwenye mama, asijifiche nyuma ya sketi yako. Mwamkie bibi, mtandikie mkeka, mpigie Zita simu ya picha waonane. Zita amwombe bibi yake kwa mdomo wake mwenyewe: bibi, naomba unifungulie, nione ulichonitumia. Bibi ashike mkasi akate uzi wake. Kama ni kitambaa na shanga, vitakunjwa vizuri vitasafiri. Kama ni dawa ya mizizi, amweleze Zita kazi yake, amwombee hapo hapo, na dawa ibaki kwake Kasense. Muuguzi aliyepangiwa upasuaji hanywi kitu bila daktari wake kujua, na Zita analifahamu hilo kuliko sisi wote.

Na hiyo hofu kwamba mkono wako utamdhuru mwanao, iondoe. Mimba ya kwanza haikuharibika kwa sababu ya fundo la mtu. Binti yako aliumia akiwa peke yake, ndiyo maana anakulilia.

Bibi akikataa kabisa, piga magoti, mshukuru, liache fundo mikononi mwake, kapande basi lako. Akinuna utarudi umkute amenuna, mtasuluhishwa. Ila Zita akitolewa chumba cha upasuaji, akageuza kichwa akutafute, na wewe uko uwanja wa ndege unaulizwa kuhusu kijiti, hapo hakuna wa kukusuluhisha. Nenda Kasense leo.